Siku ile haikubadilishwa oili tu: kisa cha Canter ya ndizi

Gari ni Canter, injini 4D33: silinda nne, sentimita za ujazo 4,214, haina tabo. Kebo ya spidi ilishakatika zamani, kwa hiyo kilomita zake anazijua Mungu. Ina kazi moja, kuteremsha ndizi za mama mmoja kutoka Mwika na kuzifikisha soko la Kilombero, Arusha, mara mbili kwa wiki. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 200. Miaka yote imekunywa oili ya madini ya bei ya chini, mara 15W-40, mara ile nzito tunayoiita "oili ya 40", kutegemea dukani kuna nini siku hiyo.

Mwishoni mwa masika mtu akamshauri mama aweke sintetiki, oili iliyoundwa au kusafishwa sana kiwandani. Ushauri haukuwa mbaya na aliyeutoa alikuwa na nia njema. Ikanunuliwa 5W-30, debe halali kabisa, na filta mpya. Kazi ikafanyika kwenye kibanda kimoja cha kumwaga oili, gari likarudi barabarani. Wiki tatu baadaye dereva akanipigia: "Fundi, tajiri kabadilisha oili, tangu siku ile gari linatema. Utingo anaongeza lita nzima kila safari mbili."

"Na zamani mlikuwa mnaongeza kiasi gani?"

"Zamani? Labda kikombe kwa mwezi. Jasho tu la kawaida."

Maneno hayo ndiyo yaliyonipoteza. Kila alichosema dereva kilikuwa kweli. Ila lile neno "tangu" lilikuwa limeshanifanyia kazi ya ufundi kabla sijashika tochi, na mimi nikaipokea kazi hiyo bila kuuliza nani kaifanya.

Niseme pia kwamba nilikuwa tayari kuamini. Wenye magari ya zamani huku kwetu wana imani moja, kwamba sintetiki inaua sili, zile pete za mpira zinazozuia oili isitoke. Utaisikia Majengo na Pasua hapa Moshi, utaisikia Unga Limited kule Arusha, na anayeisema mara nyingi ana mfano wa gari la shemeji yake. Imani hiyo ina mizizi. Oili ya madini ya daraja la chini ina kemikali za asili zinazoingia kwenye mpira na kuuvimbisha kidogo. Sili ya naitrili iliyoishi humo miaka ishirini imezoea kule kuvimba, na ndiko kunakousaidia mdomo wake kubana kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Sintetiki ya aina ya PAO, ile iliyoundwa kwa kemia tupu, haina kemikali hizo. Ukiiweka peke yake, mpira hunywea na kukakamaa. Oili za sintetiki za mwanzo zilizoingia kwenye magari ya kawaida miaka ya 1970 zilileta malalamiko ya namna hiyo. Watengenezaji wakajifunza kuichanganya PAO na esta, ambazo zenyewe huvimbisha mpira, hadi mizani ikapatikana. Jina baya halikufutika. Na kwa taarifa tu, sintetiki nyingi za madukani leo wala si PAO. Ni mafuta ya madini yaliyopikwa na hidrojeni mpaka yakasafika sana, kundi la tatu kati ya makundi matano ya API, taasisi ya mafuta ya Marekani, na Marekani yamekuwa yakiitwa sintetiki bila kizuizi tangu mzozo wa matangazo ulioamuliwa mwaka 1999.

Haya yote niliyajua. Nikayaacha kichwani nikaingia chini ya gari.

Oili ilikuwa inadondoka kwenye kile kitobo kilicho chini ya nyumba ya klachi, injini inapokutana na gia boksi. Muulize fundi yeyote maana yake, atakujibu kabla hujamaliza swali: sili ya nyuma ya kranki. Sikuosha injini. Niliiacha inaunguruma dakika kumi bila mzigo, nikaona matone mawili, nikaridhika. Sili ikaagizwa, kesho yake vijana wakashusha gia boksi, klachi na flaiwili.

Sili iliyotoka ilinipa kiburi. Mdomo wake ulikuwa mgumu kama ukucha wa mguu, unang'aa kwa ndani kama umepakwa vanishi. Niliukunja kwa kidole gumba ukapasuka, "tak". Nikamwonyesha mama alipopita jioni: "Unaona mama? Sintetiki imeukausha." Nilikuwa nasema uongo bila kujijua. Mpira wa namna ile haukauki kwa wiki tatu. Ule umekaushwa na joto la miaka, kilima baada ya kilima, na ungekuwa vile vile hata kama gari lingeendelea na oili ya 40 mpaka kiama.

Kazi ilichukua siku mbili. Siku ya tano Canter ikarudi, tone linadondoka pale pale, kwa kasi ile ile.

Mama alikuja mwenyewe safari hii. Ni mtu mzima, ananizidi miaka isiyopungua ishirini, na kwa kawaida hawezi kuingia mahali bila kuuliza habari za watoto. Siku hiyo hakuuliza. Nikawahi shikamoo, akaitikia huku anaangalia sakafu ambako lilishatokea doa la ukubwa wa sahani.

"Mwanangu, mimi nimelipia sili au nimelipia maneno?"

Sikuwa na jibu. Alitaka oili imwagwe, irudishwe ya zamani, basi yaishe. Nilimwomba anipe siku tatu na nikamwomba, kwa jinsi nilivyoweza, asiguse oili. Dereva naye alishanunua kichupa cha dawa ya kuzuia kuvuja. Nikakiweka kwenye kabati. Dawa zile huvimbisha mpira. Mpira uliokwisha kuwa mgumu kama kijiti hauna cha kuvimba, na ule mzima unaweza kulegea kupita kiasi. Tena ukishaitia, huwezi tena kujua kilichobadilika ni nini.

Hesabu niliyopaswa kuifanya siku ya kwanza

Nilikaa juu ya tairi bovu nikaanza upya. Oili inayopenya kwenye mwanya mwembamba inatii vitu vitatu. Uzito wake kwanza, yaani ugumu wa kutiririka, si kilo: ikiwa nyepesi mara mbili, inapita mara mbili. Presha inayoisukuma nayo ni hivyo hivyo, mara mbili kwa mara mbili. Upana wa mwanya ndio wenye hasira: ukiongezeka mara mbili, oili inapita mara nane, maana upana unahesabiwa mara tatu, mbili kwa mbili kwa mbili.

Sasa angalia namba za kwenye debe. Katika nyuzi joto 100, oili ya 30 (namba ya nyuma ya 5W-30) inatakiwa iwe kati ya 9.3 na 12.5, na ya 40 iwe kati ya 12.5 na 16.3, kwa kipimo cha milimita za mraba kwa sekunde. Ukichukua katikati ya kila moja, ya 40 inaizidi ya 30 kwa kama theluthi. Hata ukichukua nyepesi kuliko zote za 30 na nzito kuliko zote za 40, tofauti haifiki mara mbili. Basi injini iliyokuwa inapoteza kikombe kwa mwezi, ukiiwekea oili nyepesi, ingepoteza kikombe na nusu, tuseme hata viwili. Hii ilikuwa inapoteza lita moja kwa wiki. Uwepesi wa oili hauwezi kubeba tofauti ya namna hiyo. Lazima mwanya umefunguka au presha imepanda, au vyote viwili.

Kulikuwa na ushahidi mwingine ambao nilikuwa nimeukanyaga bila kuuona. Kwa wiki tatu utingo alikuwa anaongezea oili ya 40 ya madini, ile ile ya zamani, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye dumu nyuma ya kiti. Kwa hiyo injini iliyoletwa kwangu haikuwa tena na sintetiki tupu. Ilikuwa na mchanganyiko, na kila lita iliyoongezwa iliufanya uwe mzito zaidi. (Hakuna ubaya, oili za injini za viwango hivi zinatakiwa kuchanganyika bila kugandana.) Kama wembamba ndio ungekuwa mkosaji, uvujaji ungepungua kila wiki. Haukupungua. Dereva alinieleza habari ya kuongeza oili katika simu ya kwanza kabisa. Niliisikia kama malalamiko, kumbe lilikuwa jaribio limeshafanywa na jibu limeshatoka.

Poda

Jioni hiyo tulifanya kazi ambayo huwa hailipwi na ndiyo maana hatuipendi. Tulinyanyua kichwa cha gari, tukapaka dizeli injini nzima, tukasugua kwa brashi, tukaimwagia maji ya moto yenye sabuni ya unga, tukaikausha kwa upepo wa kompresa mpaka kwenye vikona. Ilichukua saa tatu. Chini ya tope lile nilikuta chuma cha rangi ambayo sikuwahi kujua gari hilo linayo. Halafu nikachukua poda ya mtoto, ile ya kawaida ya dukani, nikaipuliza kwa chupa laini nyuma ya injini, kuanzia tapeti kava, mfuniko wa juu ya injini, hadi kwenye nyumba ya klachi. Injini ikawa nyeupe kama andazi lililopakwa sukari ya unga. Oili ikipita juu ya poda inaacha njia yake, na njia hiyo haiwezi kumdanganya mtu.

Nikaamua pia kutoipima tena ikiwa imesimama. Gari hili halivuji likiwa gereji, linavuja likiwa kazini. Kwa hiyo siku ya soko walipakia Mwika kama kawaida, wakanichukua Moshi barabara kuu alfajiri, nikabanwa katikati, dereva huku, utingo kule, lundo la mikungu nyuma yetu. Mama alibaki. Alisema hataki kuona.

Kutoka Mwika hadi Himo ni mteremko, injini haifanyi kazi ya maana. Himo hadi Moshi si mbaya. Unapovuka Weruweru, halafu ukashuka bonde la Kikafu na kuanza kupanda upande wa pili, hapo ndipo Canter yenye mzigo inapoomba gia ya tatu na kuanza kulalamika. Tulisimama Boma Ng'ombe. Gari halinyanyuliwi kichwa hivi hivi likiwa na kabini imejaa vitu, ikabidi tushushe jiko la mkaa, ndoo mbili na redio ya dereva kwanza. Watu wakakusanyika, mmoja akauliza kama tumegonga.

Kwenye poda kulikuwa na mstari mmoja mweusi, upana wa kidole kidogo. Ulianzia kona ya nyuma ya tapeti kava, upande wa kushoto, ukashuka mgongoni mwa injini, ukaingia kwenye ungio la nyumba ya klachi. Chini yake, kitobo kimeanza kudondosha. Sili yangu mpya haikuwa na habari. Oili ilikuwa inatoka juu kabisa, inasafiri kwa siri, inatokea chini na kujifanya imetoka kwenye kranki. Nilihisi joto la aibu masikioni, nikajifanya nafuta mikono.

Bado swali moja. Gasketi ya tapeti kava kuvuja ni jambo la kila siku, lakini huwa inalia tu, haimwagi lita. Juu kule hakuna presha ya oili. Oili inarushwa na kurudi chini kwa uzito wake. Kitu kilikuwa kinaisukuma.

Tukapanda tukaendelea. Baada ya KIA barabara inaanza kupanda polepole. Uwanja wa ndege uko mita 894 juu ya bahari na Arusha iko kama mita 1,400, na mzigo unazihesabu mita hizo zote. Nikamuuliza dereva kwa mara ya kumi ilifanyika nini siku ya oili. "Walimwaga, wakaweka, wakabadilisha filta. Basi." Kumbe yeye dereva alikuwa amekwenda kunywa chai wakati ule, jambo ambalo alinieleza baadaye sana. Nikageuka upande wa pili. Utingo ni kijana wa miaka kama kumi na tisa, hasemi mpaka asemeshwe, na tangu kisa kianze hakuna aliyemsemesha.

"Wewe dogo ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, fundi. Nilikuwa namshikia tochi."

"Walifanya nini kingine?"

Akafikiri. "Walifagia hapo chini. Wakakaza betri. Na ule mpira uliokuwa unaning'inia wakaufunga."

"Mpira gani?"

"Ule mweusi unaotoa moshi. Yule kaka alisema unachafua chini, akaukunja akaufunga na waya. Hakutudai hela."

Dereva akapunguza mwendo bila kuambiwa.

Waya

Tulisimama Tengeru. Nikaingia chini na tochi mdomoni. Mpira wa kupumulia wa injini hii unatoka kwenye tapeti kava, unashuka ubavuni, na mwisho wake uko wazi chini ya gari. Mwisho huo ulikuwa umekunjwa kama unavyokunja mpira wa kumwagilia bustani ukitaka maji yakatike, ukazungushiwa waya wa kufungia nondo mara tatu, ukabanwa kwenye chesisi. Kazi safi. Imepinda vizuri, ncha ya waya imekunjwa ndani isimchome mtu. Aliyeifanya alikuwa anajali.

Kila pistoni inapobanwa na moto, gesi kidogo hupenya kwenye ringi na kushuka kwenye sampo, bakuli la oili lililo chini ya injini. Injini mpya inapenyeza kidogo, ya zamani inapenyeza zaidi, na ya zamani yenye tani za ndizi kwenye mlima wa Kikafu inapenyeza kwelikweli. Gesi hiyo inapanda kwa matobo yale yale ya kurudishia oili hadi kwenye tapeti kava, na mpira ndio pua yake. Pua ikizibwa, sampo, silinda hedi na kava vyote vinakuwa chungu kimoja kilichofunikwa, na gesi inatafuta kona iliyo dhaifu huku imeibeba oili mgongoni. Gari likisimama gereji bila mzigo presha ni ndogo, ndiyo maana dakika zangu kumi za kusikiliza muungurumo hazikunionyesha zaidi ya matone mawili.

Nilitaka nione kwa macho kabla sijakata. Zamani tungetumia mfuko wa nailoni, lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo ninatembea na glavu za mpira. Tukafungua kifuniko cha kuwekea oili, nikavisha glavu pale mdomoni na kuikaza kwa utepe, injini ikiwa inaunguruma. Ilijaa kwa sekunde chache, vidole vikasimama vitano vyote, ikawa kama mkono wa mtu anayesimamisha daladala. Wanafunzi waliokuwa wanapita walicheka sana. Nikakata waya. Mpira ukakohoa, ukatema tope jeusi la kiganja kizima, ukaanza kutoa moshi mwembamba. Glavu ikalegea ikainamia upande mmoja, haikulala kabisa ila haikusimama tena. Kule kutokulala kabisa ni ringi zinaomba kustaafu, na mama nilimwambia hivyo baadaye.

Nikafuta ule mstari, nikapaka poda upya. Kutoka Tengeru hadi Kilombero si mbali lakini kuna vilima vyake. Tulipofika sokoni, wakati wapakuaji wanagombania mikungu, nilinyanyua tena kichwa cha gari. Kona ilikuwa na unyevu, ukubwa wa shilingi. Haujashuka hata inchi.

Turudi kwenye oili, maana mama alitaka hukumu na alikuwa na haki nayo. Je, ilikuwa haina kosa kabisa? Ilikuwa na sehemu. Nilipoifungua tapeti kava wiki ile, gasketi ilitoka vipande vipande, na ile kona ya nyuma ilikuwa imejengwa kwa tope la zamani na silikoni nyekundu ya fundi fulani wa miaka iliyopita. Sehemu kubwa ya tope hilo ilikuwa imeoshwa. Oili ile ya sintetiki ilikuwa na sabuni kali kuliko ile ya zamani, na injini iliyozoea uchafu inapoanza kusafishwa inapoteza hata ule uchafu uliokuwa unaisaidia. Niliikata filta pia: ndani kulikuwa na punje nyeusi kama mashapo ya kahawa, nyingi kuliko nilivyozoea kuona kwa oili ya wiki chache. Kwa hiyo oili ilifungua mwanya, waya ukaleta presha, na hesabu ya mara nane ikafanya mengine. Ningelazimishwa kugawa lawama, ningeipa oili fungu dogo. Jasho lingeongezeka, tungebadilisha gasketi siku yoyote yenye nafasi, na pasingekuwa na kisa cha kuandika.

Lakini oili ilikuwa na bei, na waya ulikuwa wa bure. Nadhani ndiyo maana kila mtu aliikumbuka oili. Mama alikumbuka alicholipia, dereva alikumbuka alichotumwa, mimi nikapokea walichokikumbuka. Hisani ya yule kijana wa kibandani haikuandikwa kwenye risiti.

Matengenezo yenyewe hayakuwa na mbwembwe. Mpira mpya, umefungwa kwa klipu mahali pake, mwisho wake wazi na umeelekea chini. Gasketi mpya ya tapeti kava. Kava lilikuwa limepinda kwa sababu mtu aliwahi kukaza nati akidhani nguvu inaziba oili. Nikalilaza juu ya bamba bapa na kulinyoosha kwa nyundo ndogo hadi likatulia. Silikoni sikutia. Ina kazi zake, lakini ikizidi inajikata nyuzi nyuzi na kushuka kwenye sampo, na ukikuta uzi mwekundu umekaa kwenye chujio la pampu ya oili hutaipenda tena.

Oili sikumwaga. Hapo ndipo niliposimama imara kuliko mahali pengine popote, dereva akidhani natania. Kama ningeweka mpira mpya, gasketi mpya na oili ya zamani kwa siku moja, gari lingepona na kila mtu angeondoka akisema "si unaona, ilikuwa sintetiki". Canter ilifanya safari nne na mchanganyiko ule ule. Utingo ndiye aliyekabidhiwa kijiti cha kupimia, asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare, anatia alama kwa kalamu kwenye kipande cha boksi. Safari nne, oili ilishuka unene wa kucha. Hakuongeza hata tone.

Kisha nikamrudishia mama ufundi wa kushusha gia boksi. Pesa ya sili yenyewe hakuitaka. Nilimwonyesha tena ile ya zamani na safari hii nikasema ukweli, kwamba ilikuwa imebakiza siku chache na ingetulaza njiani.

Siku ya kumwaga ilipofika tuliweka 15W-40 yenye herufi ya C, ambayo ni ya dizeli. S ni ya petroli, na ni vizuri kugeuza debe na kuisoma kabla ya kubishana kuhusu jambo jingine lolote. Herufi zimekuwa zikipanda, CI-4 ilitoka 2002 na CK-4 ikaja 2016, na ya juu inafaa kwenye injini ya zamani kama hii. Sababu ya kurudi 15W-40 haikuwa kuvuja. Ile 5W mwanzoni mwa namba inapimwa uwezo wa kuzungusha injini kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, na 15W kwenye 20 chini ya sifuri. Moshi asubuhi ya Julai tunavaa masweta, lakini barafu yetu inakaa Kibo, mita 5,895, na Canter ya mama haina safari huko. Kinachoihangaisha ni joto la mzigo, na hapo ile 40 ya nyuma inashika beringi vizuri zaidi. Angekuwa na uwezo wa sintetiki ya 15W-40 au 5W-40 ya dizeli nisingemkataza.

Mara ya mwisho gari lilikuja kubadilishwa brashi za breki. Utingo alinipa kile kipande cha boksi kabla dereva hajashuka: safari kumi na mbili, mistari inafuatana karibu karibu. Niliingia chini kwa mazoea. Nyuma ya injini pakavu, kitobo kikavu, mpira unapumua. Kuna unyevu kidogo kwenye nati ya sampo. Washa yake ya shaba imebanwa mara nyingi mno. Nimeshanunua nyingine, nitaiweka siku ya kumwaga oili.